Mmoja Lazima Ageuze

Zuhura,

Nina hasira na wewe, na nimeamua kukuandikia nikiwa nazo hivi hivi, kabla hazijapoa. Zikipoa nitaanza habari za sweta na dawa za malaria na namna ya kukunja soksi, na hayo baba yako ameshakwambia mara tatu, na shangazi yako mara sita. Uturuki kuna maduka ya sweta. Mimi nina jambo lingine.

Uko saluni unasukwa, na umesema mpaka saa kumi hamtakuwa mmemaliza. Sasa ni saa saba na nusu mchana. Nimefunga mlango wa mbele ili Mama Salama wa jirani asiingie kuniuliza mtoto anaondoka lini, maana amekuwa akiuliza tangu asubuhi, na kila akiuliza nataka kulia mbele yake.

Jana, nilipofungua sanduku lako nikunje upya zile gauni, nikakuta magome ya mdalasini yamefungwa kwenye gazeti. Sikuhitaji kuuliza yametoka wapi. Mdalasini wa dukani hauna harufu ile. Ule ni wa mti ulio nyuma ya nyumba ya bibi yako, na mimi ndiye niliyeushikilia mche wakati mjomba wako Kulwa anafukia shimo, tukiwa na miaka tisa. Nikakuuliza hata hivyo, kwa sababu nilitaka unidanganye. Ukanijibu bila kupepesa: "Nilikwenda kumuaga mjomba."

Jumamosi uliniambia unakwenda Mazimbu kwa rafiki zako wa chuo. Viatu vilirudi na tope jekundu hadi kwenye kamba, na mimi, mwalimu wa fizikia miaka ishirini na sita, nikashindwa kuona kwamba Mazimbu hakuna tope la namna ile. Saa tatu kupanda na saa mbili kushuka, peke yako, bila kuniambia. Nikakujia juu. Nikakuuliza nani kakutuma. Ukasema hakuna aliyekutuma, kwamba mtu hawezi kuvuka bahari bila kumuaga mjomba wake, na kwamba hilo mimi mwenyewe ndiye niliyekufundisha. Kweli nilikufundisha. Ulikuwa mdogo, kabla mambo hayajaharibika, nikakwambia kwetu Waluguru mjomba si mgeni wa sikukuu, mtoto ni wa ukoo wa mama, na mwenye sauti katika ukoo wa mama ni mjomba. Sikudhani ungelihifadhi hilo na kuja kunipiga nalo.

Halafu ukasema lile neno. "Mama, mjomba amezeeka. Nilidhani ni baba yenu. Kwani nyie si mlizaliwa siku moja?"

Nilikufukuza chumbani. Sikukujibu. Basi leo nakujibu, na kwa kuwa unakwenda kusomea fizikia yangu hii hii, nitakujibu kwa kuanzia darasani.

Unakumbuka ile klabu ya Ijumaa, ulipokuwa kidato cha tano. Somo lile halimo hata kwenye muhtasari, nililifundisha kwa mapenzi yangu tu. Nilichora ubaoni mapacha wawili, kulia na kushoto, na kila mwaka niliwapa majina yale yale, Kulwa na Doto, na wanafunzi walicheka kwa sababu walijua Doto ni mimi. Doto anapanda chombo kinachokwenda sehemu nne kwa tano za mwendo wa mwanga. Kulwa anabaki. Doto anakwenda kwenye nyota, anageuza, anarudi. Kwa Kulwa imepita miaka kumi. Kwa Doto, saa yake ya mkononi, mapigo ya moyo wake, mvi zake, vyote vinasema miaka sita. Anashuka akiwa mdogo kwa ndugu yake kwa miaka minne, na hakuna uchawi. Nikaandika kwa chaki kubwa: anayekwenda mbio ndiye anayebaki kijana. Nikapiga mstari chini yake.

Ukanyoosha mkono. Ukasema: "Mwalimu, lakini kwa Doto chombo kimetulia. Yeye anaona dunia ndiyo inayokimbia na Kulwa ndani yake. Kwa nini isiwe Kulwa ndiye anayebaki kijana?"

Nikakwambia: "Zuhura, kaa chini. Hapa si nyumbani." Darasa zima likacheka, ukakaa, na masikio yako nikayaona yamebadilika rangi.

Sikuwa najua jibu. Hilo ndilo nililotaka kukwambia kwa muda mrefu. Miaka yote ile nilifundisha kitendawili nikiwa nimesoma nusu yake, na mtoto wangu mwenye miaka kumi na sita akakiona kile ambacho mimi sikukiona, na nikamwaibisha mbele ya wenzake kwa sababu ya woga. Nilisoma wiki tatu. Nikapata jibu, nikalinyamazia. Ijumaa iliyofuata nikafundisha lenzi. Nisamehe kwa hilo, na usinijibu kwamba umeshasahau, maana najua hujasahau.

Jibu lenyewe unalijua kuliko mimi sasa, lakini niache niliandike. Swali lako lilikuwa sahihi. Maadamu Doto anakwenda tu, moja kwa moja, bila kubadili mwendo, basi yeye na Kulwa wako sawa kabisa. Doto anasema saa ya Kulwa inachelewa. Kulwa anasema saa ya Doto ndiyo inayochelewa. Na wote wawili wanasema kweli. Hakuna hakimu wa kuwaamua, si mbinguni si ardhini, kwa sababu kila mmoja kwake ametulia na mwenzake ndiye anayeondoka. Ukiuliza nani mkubwa, swali halina jibu. Linapata jibu siku moja tu: siku mmoja wao atakapogeuza chombo akarudi, wakasimama pamoja, wakaonyeshana saa. Aliyegeuza ndiye aliyepita njia tofauti. Hapo ndipo hesabu inapofungwa. Mimi niliandika ubaoni kwamba jambo kubwa ni kukimbia, na nikalipigia mstari.

Sasa nikueleze habari ya Kulwa, maana uliisikia vipande vipande, na vingine umevisikia kwake Jumamosi, na sipendi isimuliwe upande mmoja.

Tulipofaulu darasa la saba tulifaulu wote wawili. Wewe hukulijua hilo, na pengine na yeye hakukwambia. Wazee wa lukolo wetu, yaani ukoo ule wa upande wa mama, wakasema mmoja abaki. Na wakasema abaki Doto, kwa sababu kwetu shamba linafuata mwanamke, na mimi ndiye niliyekuwa binti pekee wa bibi yako. Kulwa akasimama kwenye kikao, mtoto wa miaka kumi na nne, akasema: "Aende Doto. Shamba lake nitalishika mimi mpaka arudi." Hakuulizwa, wala mimi sikumwomba. Akaenda kwenye magimbi na migomba, na mimi nikashuka mjini na sanduku la bati.

Nilikuwa nikirudi likizo. Kisha nikirudi Idi. Kisha nikawa natuma salamu kwa kina mama wanaoshuka na matenga sokoni, na wao wanarudisha salamu kwake. Watu wakiniuliza nimetoka wapi nilikuwa nikicheka na kusema nimetoroka mlimani. Nilitoroka, Zuhura. Nilikuwa nikilisema hilo neno mbele ya watu wenye elimu, na mtu aliyeniachia njia yuko juu kule anapalilia shamba ambalo mpaka leo analiita "shamba la Doto". Na mimi kila nilipomtazama, mwaka hadi mwaka, nikaona mikono imekauka, mgongo umeinama, nikasema moyoni maskini ndugu yangu, kama vile ni mvua iliyomfanya vile na si mimi.

Hapo ndipo akili yangu ya ualimu inapotaka kukimbilia kwenye hesabu. Unajua kwamba saa iliyo juu mlimani inakwenda haraka kuliko iliyo bondeni. Ni kweli, imepimwa. Niliwahi kupiga hesabu hiyo kwenye kikaratasi, hata nikiijumlisha miaka yetu yote hamsini na miwili, Kulwa kule juu na mimi hapa chini: haifiki hata kupepesa jicho. Kwa hiyo si mlima uliomzeesha. Nilitamani sana uwe mlima. Na ndege yako nayo, kwa taarifa yako, kasi yake itakupunguzia umri kidogo na kimo chake kitakuongezea zaidi, kwa hiyo usitegemee kurudi kijana kwa sababu ya ndege. Wala usinirekebishe habari za mzunguko wa dunia, naujua.

Bibi yako alipougua, ulikuwa na miaka kumi na moja. Nilipanda kumwona, nikakaa siku mbili. Alikuwa amepungua mpaka pete zimemtoka vidoleni. Kulwa akaniambia, "Doto, safari hii usishuke." Nikamwambia nimeitwa kusahihisha mitihani ya taifa, mkoa mwingine, wiki tatu, kambini, na simu huwa tunakabidhi mlangoni. Akaniambia tena. Nikamjibu kwamba nimechaguliwa kuongoza jopo, mara ya kwanza kwa mwanamke katika somo lile. Nilisema hivyo karibu na kitanda cha mama yangu, na mama yangu akasema, "Mwache aende, amesoma." Ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu. Nimeyabeba miaka tisa na sijui hata leo kama alikuwa akinisifu.

Alifariki alfajiri, wiki ya tatu ya kambi. Sasa sikiliza jambo ambalo mtu wa nje hawezi kuliamini. Kwenye ukoo wetu habari ya kifo cha mama haipigwi simu. Hupelekwa na mtu wa ukoo, kwa miguu, akamwambie mtoto uso kwa uso, ili mtoto asianguke peke yake. Kulwa akamtuma binamu yetu Shabani. Shabani akashuka, akafika hapa nyumbani, akakuta mlango umefungwa. Baba yako yuko safarini na lori, wewe uko kwa bibi yako wa Kilosa. Mama Salama akatoka kumuuliza kuna nini. Alikuwa na simu mkononi, angeweza kupiga shuleni, shule ingepiga kambini, ningefika jioni ile ile. Shabani akamjibu: "Nina neno la Doto." Akakaa pale barazani. Akakaa siku mbili, Zuhura, akila ugali wa Mama Salama na kumshukuru, na neno lake limemkaa mdomoni, kwa sababu aliambiwa anipe mimi na si mwingine. Nilimkuta hapo nilipotoka kambini. Aliposimama kunipa mkono nilijua kabla hajafungua kinywa.

Nilipanda jioni ile ile. Nikamkuta Kulwa amekaa na watu wa matanga. Sikumpa hata mkono. Nikamwambia mbele ya sheikh, mbele ya wazee, mbele ya watoto wake: "Umemfukia mama yangu kama unafukia muhogo. Hukuweza kunisubiri." Akaniangalia. Akasema, "Wewe ndiye uliyeondoka." Nikamwambia yeye ndiye aliyenifungia mlango. Akasema, "Mimi sijaondoka hapa hata siku moja, Doto. Mkataa kwao mtumwa." Nikashuka. Na huo ndio mwisho wa mazungumzo yangu na mtu niliyelala naye tumbo moja.

Miaka tisa. Kwangu mimi yeye ndiye aliyekwenda mbali. Kwake yeye ni mimi. Kila mmoja ametulia mahali pake, anahesabu namna mwenzake anavyochelewa. Ningekuwa na aibu ningeona kwamba ndilo lile swali lako la Ijumaa, na kwamba nilikukalisha chini kwa sababu pengine sehemu fulani ya moyo wangu ilishalisikia. Watu wananiambia muda ni dawa. Wameniambia miaka yote hiyo. Muda si dawa, na hauna kazi hata moja unayoifanya. Muda ni kile ambacho saa inakisoma, basi. Umekaa hapa kati yangu na Kulwa miaka tisa na haujasogeza hata jiwe.

Halafu jana, baada ya kukufukuza chumbani, ukarudi mlangoni. Hukuingia. Ukasema kwa ile sauti yako ya chini unayoitumia unapojua una haki: "Ameniambia nikwambie kitu kimoja. Alisubiri mpaka magharibi."

Nikakwambia toka. Nikakaa kitandani.

Sikulijua hilo. Aliyenihadithia kwanza alisema wamezika mapema, na mimi nikamwamini haraka kwa sababu lilinifaa. Baadaye kila aliyetaka kunieleza zaidi nilimkata kauli, nikasema jina hilo halitajwi nyumbani kwangu. Wewe ndiye uliyenieleza asubuhi hii, tukiwa tumesimama jikoni bila kutazamana. Kwamba adhuhuri wazee walitaka kumsalia bibi yako na Kulwa akakataa. Kwamba sheikh akamwambia maiti haicheleweshwi, na akajibu, "Binti yake yuko njiani." Kwamba alasiri wakaanza kumsema vibaya, mtu mzima anamtesa mama yake. Kwamba alikwenda kusimama kwenye lile jiwe ambapo njia ya kutoka mjini inaonekana mpaka kona ya pili, akasimama pale na jua linashuka, na kila akiona kanga inapanda anadhani ni mimi, na ni wanawake wanarudi sokoni na matenga matupu. Wakazika giza linaingia. Na siku ya tatu nikafika nikamwambia hakuweza kunisubiri.

Kwa nini hakunijibu pale pale? Nimejiuliza toka asubuhi. Na hapo ndipo nina hasira naye pia, sana, yule mzee mkaidi. Neno moja tu lingetosha. Lakini angelisema mbele ya watu, ningeaibika, na nadhani hata siku ile bado alikuwa akinishikia shamba.

Basi hasira zangu kwako ni hizi. Umekwenda mara moja tu, Jumamosi moja, na viatu vibovu, ukafanya kile ambacho mama yako mwenye shahada mbili ameshindwa miaka tisa. Umenivua nguo siku mbili kabla ya kuondoka, na sasa unaniacha na jambo hili mkononi. Nina hasira kwa sababu hukukosea.

Sikwambii urudi kulima magimbi. Wazee watakuletea habari hiyo siku moja, kwamba baada yangu shamba ni lako, na utawajibu utakavyoona. Wala usiniahidi kwamba utarudi. Mimi niliahidi kila likizo, na niliahidi kwa moyo safi. Kurudi ni neno la kusema kituoni. Mtu anayekwenda mbali haoni kwamba anakwenda mbali, hilo ndilo nililojifunza na limeniuma kujifunza. Yeye kwake ametulia, chai yake iko mezani, na ni wengine wanaozidi kuwa wadogo dirishani. Kwa hiyo siku ukijisikia unasema "hawanitafuti siku hizi", jua umeshakuwa Doto. Geuza siku hiyo hiyo. Usingoje uwe na haki.

Sasa ni saa nane na nusu. Nimeyasoma haya niliyoandika, na naona siwezi kukuandikia maneno ya namna hii kisha nikakaa hapa nakaanga vitumbua vyako vya safari. Nimevaa raba zako zenye tope, zinanibana kidogo. Nikianza kupanda sasa hivi, nafika kwenye lile jiwe kabla ya magharibi. Sitampigia simu. Shabani alikuja kwa miguu, na mimi nitakwenda kwa miguu, na nitasema nilichotumwa na nafsi yangu uso kwa uso. Akinifukuza, nitalala kwa jirani.

Asiponifukuza, tutashuka wawili pamoja na kina mama wa matenga, tutakukuta stendi ya Msamvu, akuwekee mkono kichwani mjomba wako kama inavyopasa. Usiku wako wa mwisho nyumbani nimeuchukua, najua, na ulikuwa wangu kama ulivyokuwa wako. Wali uko kwenye hotpoti. Mdalasini nimeurudisha sandukuni, kipande kimoja nimebaki nacho.

Basi lako linaondoka saa mbili asubuhi. Yule mtu ana goti bovu, ulisema mwenyewe, na mimi si wa kumwacha nyuma tena, kwa hiyo huenda tukachelewa. Tusipoonekana, panda uende, mwanangu. Usisimame mlangoni kuangalia kila kanga inayokuja. Mimi sitaki mtu mwingine anisubiri mpaka magharibi.

Mama yako,
Doto